Kifungo cha Pili Kutoka Juu

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema waliotutangulia. Mimi niliziba ufa siku ile ile nilipouona, tena kwa sindano nzuri na uzi mzuri, na ukuta ukaniangukia wote.

Nadhani wahenga hawakuwa na mama mkwe.

Kwa wale waliofungia sabuni gazeti la wiki iliyopita kabla ya kulisoma, mambo yamefika hapa. Mimi ni fundi cherehani. Mume wangu ni karani wa ghala. Yaani nilikuwa nadhani ni karani wa ghala, kumbe aliachishwa kazi zamani, na kila asubuhi nilikuwa nampigia pasi shati ili akakae kwenye benchi la kituo cha mabasi hadi jioni. Siku nilipogundua, tuligombana mlangoni. Nilimkamata shati kifuani, kifungo kikaruka, naye akaondoka bila kugeuka nyuma.

Kesho yake nguo zake zilikutwa kando ya mto. Yeye hakukutwa.

Watoto nimewapeleka kwa dada yangu. Cherehani nimeifunika. Twende.

*

Mpelelezi aliyepewa kesi yetu ni mtu mpole, tena upole wa kutisha. Kila akitaka kukuumiza huanza kwa kukupa pole. Mimi humwita Afande Pole, ila si mbele yake.

“Pole, Fundi,” aliniambia nilipoketi. Nikajua ya leo makubwa.

Alikuwa amepanga vitu vya mume wangu juu ya meza, kila kimoja na mfuko wake wa nailoni na karatasi yenye namba. Suruali. Mkanda. Viatu. Soksi. Simu. Miwani. Shati. Feni ndogo ilikuwa inazunguka pembeni ikipeperusha zile karatasi, na mifuko ilikuwa inatetemeka kidogo kidogo kama yenye vitu hai ndani.

“Nataka uvitambue. Usiguse mpaka nikuambie. Viatu?”

“Vyake.”

“Miwani ilikutwa ndani ya kiatu cha kushoto.”

“Huiweka humo akienda kuoga, asije akaikanyaga.”

“Kwa hiyo alikwenda mtoni kuoga?”

“Mume wangu haogi maji ya baridi, afande. Na mto ule sijasikia mtu aliyewahi kuupasha moto.”

Aliandika. Sijui aliandika nini, lakini aliandika kwa muda mrefu kuliko nilivyosema.

“Soksi zilikuwa zimekunjwa,” akasema. “Moja ndani ya nyingine. Mfa maji haachi kutapatapa, Fundi. Huyu alikunja soksi kwanza.”

“Ndivyo alivyo. Hata akikasirika hukunja.”

“Pole.”

Akalitoa shati mfukoni, akalikunjua taratibu na kulilaza mbele yangu, mikono huku na huku, kama mtu aliyelala chali. Shati la samawati. Nililikata mwenyewe, nikalishona mwenyewe, nikalitia vifungo vyeupe mwenyewe.

“Sasa unaweza kugusa,” akasema. Simu yake ikalia. Akatazama namba, akasimama wima kama vile aliyempigia anamwona, akatoka nje kwenye ujia. “Naam, mkuu.”

Nikabaki na shati.

Nililigusa kola. Nikalishika bega. Nikashuka kifuani, kifungo cha kwanza, cha pili.

Cha pili.

Jamani. Kifungo cha pili kutoka juu kilikuwa cha kahawia.

Kilikuwa kikubwa, kipana, cha kufungia koti au sweta, kimesukumizwa kwenye tundu dogo la shati kama mtu mnene aliyelazimishwa kupita mlango wa choo. Kilishonwa kwa uzi mzito wa kahawia, umepita msalaba, ukazungushwa na kuzungushwa shingoni, kisha fundo likafungwa kwa nje. Kwa nje! Fundo limekaa juu ya kifua cha mume wangu kama chunjua.

Nitawaeleza kitu kuhusu sisi mafundi. Mpishi akiona chakula kibaya hula au huacha. Mwalimu akiona hesabu mbaya hutia alama ya kosa. Fundi akiona mshono mbaya, mkono wake hutangulia akili. Mimi shingoni huvaa utepe, na kwenye utepe huning'inia mkasi mdogo wa kukatia nyuzi. Huuvaa dukani, sokoni, hata msibani. Na siku ile nilikuwa nimeuvaa.

Halafu kulikuwa na lile wazo. Mwanamke. Yupo mwanamke aliyemvua mume wangu shati akamshonea kifungo. Na wala hajui kushona!

Wivu peke yake ningeuweza. Wivu pamoja na fundo la nje ulinishinda.

Kap.

Nikaking'oa, nikachomoa mabaki ya uzi mmoja mmoja, nikapuliza pale mahali pakawa safi. Feni ikachukua nyuzi. Kifungo nikakibana midomoni kama tunavyobana vifungo na pini tukiwa kazini. Nikawa tayari nanyoosha mkono kutafuta sindano kwenye pindo la gauni langu.

Na hapo ndipo akili ikawasili, ikihema, imechelewa.

Kifungo kile cha pili nilikitoa mimi. Mlangoni, kwa mkono wangu. Shati liliondoka nyumbani kifua wazi.

Kwa hiyo kati ya mlango wangu na ule mto kuna mtu alikaa na mume wangu, akampa kiti, akatafuta sindano, akamrekebisha. Mtu anayetaka kujitosa majini hatafuti kifungo. Mume wangu alikuwa hai, na palikuwepo ushahidi. Ulikuwepo mpaka dakika hiyo hiyo.

Afande Pole akaingia.

Alitazama shati. Alitazama mkasi. Alinitazama mimi.

“Fundi. Umefanya nini?”

“Mmh,” nikajibu.

“Una nini mdomoni?”

Nikakitoa kifungo, nikakipangusa kwenye gauni, nikakiweka mezani.

“Kielelezo,” nikasema.

*

Ni vigumu kumweleza polisi kwamba umeharibu ushahidi kwa sababu ulikuwa na sura mbaya. Nilijaribu.

“Hakikuwa chake, afande. Mtu amemshonea baada ya kutoka nyumbani. Maana yake alikuwa mzima. Maana yake kuna mtu anajua aliko.”

“Utajuaje hakikuwa chake?”

“Kwa sababu chake nilikitoa mimi.”

“Ulikitoaje?”

Hapo nilitakiwa kufikiri. Sikufikiri.

“Nilimkamata hivi,” nikasema, nikamwonyesha kwenye kifua changu mwenyewe, “nikavuta.”

Kalamu yake ikasimama. Kisha ikaanza kukimbia.

“Ulimkaba.”

“Nilimkamata shati.”

“Shati likiwa shingoni mwake.”

“Shati hukaa shingoni, afande. Sikulipanga mimi hivyo.”

“Pole sana,” akasema, na lile ‘sana’ sikuwahi kulisikia kwake. “Kwa hiyo wewe ndiye mtu wa mwisho kumwona. Ulimkaba. Na leo umeharibu kielelezo mbele ya polisi.”

“Nyuma ya polisi. Ulikuwa umetoka.”

“Picha zipo,” akajisemea mwenyewe akipekua jalada. Akazitoa. Picha zilikuwepo, nzuri, za rangi. Shati lilikuwa limekunjwa vizuri sana, mara nne, kola juu, kifua ndani. Mume wangu na kukunja kwake.

“Na kile kifungo chako cheupe? Kilichoruka? Kikionekana, angalau maneno yako yatakuwa na mguu wa kusimamia.”

“Kipo,” nikasema kwa furaha. “Nilikiokota, nikakitunza.”

Tukaenda dukani kwangu, yeye mbele, mimi nyuma, majirani madirishani. Nikalishusha kopo kutoka kwenye rafu, nikamkabidhi.

Afande Pole alilifunua. Akalitazama muda. Akaingiza mkono mpaka kwenye kifundo, akainua, vifungo vikamtiririka vidoleni kama mchele.

“Kipi?”

“Mojawapo,” nikasema.

Fundi hatupi kifungo, na hakiweki mezani kikapotea. Anakitia koponi. Ndivyo nilivyofundishwa, ndivyo nilivyofanya, huku machozi yananitoka na mume wangu anakata kona. Nikakitia koponi.

Alilifunika kopo polepole, akanirudishia kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha mtoto wa watu.

“Sikiliza, Fundi. Kesho asubuhi napeleka jalada kwa wakubwa. Ndugu zake wakiandikisha kwamba ulimfanyia ukatili akaenda kufa, wewe unaingia ndani, na mimi sitakuwa na la kukusaidia. Wakisema hawana lalamiko, atabaki mtu aliyepotea. Kapatane na watu wako.”

“Na kifungo cha kahawia?”

“Nacho pole,” akasema, akakipigapiga mfukoni mwake ndani ya bahasha. “Kifungo kisicho na uzi ni kifungo tu.”

*

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, tunamwita Spika. Hakuna kikao cha familia ambacho hajakifungua na hakuna alichowahi kukifunga. Alinipigia simu jioni hiyo.

“Shemeji, familia imekaa. Kesho asubuhi njoo mapema.”

“Imekaa kuamua nini?”

“Imeshaamua. Inakusubiri uje uombe radhi.”

“Kwa kosa gani?”

“Utaambiwa ukishaomba.”

Nilimsimulia jirani yangu wa saluni, tunayemwita Msusi, akiwa katikati ya kichwa cha mteja. Mteja naye akasikiliza. Kwa Msusi hakuna faragha, kuna foleni.

“Omba,” Msusi akasema, kitana mdomoni. “Radhi ni kama rangi ya nywele. Baada ya muda inatoka yenyewe.”

“Lakini sikumuua.”

“Nani amekwambia uombe kwa kumuua? Omba kwa jumla. Wakitaka rejareja, kohoa.”

“Kwa jumla,” mteja akaunga mkono. “Mimi huwa naomba kwa jumla.”

Nikapiga moyo konde. Watoto wangu hawawezi kuwa na baba mtoni na mama ndani. Nilikwenda dukani, nikasimama mbele ya sanamu la kuvalishia nguo, nikafanya mazoezi. Mama, nimekosa. Mama, naomba radhi. Sanamu lile halina kichwa, lakini lilinisikiliza vizuri kuliko mama mkwe mwenyewe.

Nataka mjue hilo. Nilikwenda pale nikiwa na nia ya kuomba. Radhi nilikuwa nayo mdomoni, imeshaiva.

*

Nyumba ya mama mkwe ina sebule ndefu, na ukutani kuna picha kubwa ya mume wangu akiwa na kitambulisho cha ghala shingoni. Viti vilikuwa vimeazimwa hadi kwa majirani. Watu walijaa.

Mama mkwe alikaa kwenye kiti cha katikati, amevaa sweta yake ya kijivu. Jua liwe kali namna gani, havuki mlango bila sweta hiyo. Anasema baridi ya uzee haina msimu. Leso kifuani. Macho mekundu. Alikuwa anamsimulia mgeni.

“Meneja mzima wa ghala, mwanangu. Mwenye funguo zote.”

Nilipofika kumpa pole mara ya kwanza, mume wangu alikuwa karani. Baadaye nikasikia msimamizi. Sasa meneja. Kwa mwendo ule, kufikia maziko angekuwa mwenye ghala.

Sikumkosoa. Mama mkwe ni mtu wa heshima zake. Alishawahi kuacha kwenda harusi ya jirani, baada ya mwaka mzima wa maandalizi, kwa sababu tu kiatu chake kilikatika kamba. Kwa mtu wa namna hiyo, mwana aliyefukuzwa kazi ni jambo lisilosemeka. Hilo nilikuwa nalijua. Sikulitia maanani.

Spika akasimama, akakohoa kikohozi cha ufunguzi.

“Ndugu zangu, tumekutana hapa kwa ajili ya marehemu...”

“Mtu aliyepotea,” nikasema.

“Marehemu aliyepotea,” akarekebisha. “Na tumekutana kwa upendo. Shemeji yetu huyu, fundi hodari, hakuna asiyejua, ana mikono. Lakini mikono hiyo hiyo ndiyo iliyomkamata kifuani mwanaume aliyeoa kwa heshima. Akatoka nyumbani kifua wazi kama mlevi. Mtoto wa mama yetu! Aibu hiyo ndiyo iliyompeleka majini.”

Watu wakaguna.

Mimi nikainua kichwa.

Kifua wazi. Kifungo kuruka nilikuwa nimemwambia mtu mmoja tu duniani, Afande Pole, jana yake. Msusi nilimweleza habari ya simu ya Spika. Kuhusu kifungo nilinyamaza, maana niliona aibu. Ugomvi wenyewe hakuna aliyeushuhudia. Waliokuwepo ni wawili, mimi na mume wangu.

“Nani alikwambia kifua kilikuwa wazi, shemeji?” nikauliza.

“Mama,” Spika akasema, bila hata kufikiri.

Mama mkwe akapeleka leso machoni. Na leso ilipoondoka kifuani, nikaiona sweta.

Vifungo vya kahawia. Vikubwa, vipana. Uzi mzito, umepita msalaba, umezungushwa shingoni mara nyingi, na mafundo yote yako nje, yamepangana kama chunjua za ukoo mmoja. Kimoja kilikosekana, karibu na kitovu. Mahali pake palikuwa na kipande cha uzi kimesimama.

Nilimwangalia. Aliniona ninavyoangalia. Leso ikarudi kifuani haraka.

Basi nikageuza macho, kwa heshima, nikatazama ujia unaokwenda vyumba vya nyuma. Mlango wa mwisho ulikuwa umefungwa. Mbele ya mlango kulikuwa na ndoo ya maji.

Ndoo ilikuwa inafuka mvuke.

Mama mkwe hajawahi kuoga maji ya moto. Siku ya kwanza aliyonitembelea nyumbani kwangu aliniambia kwamba maji ya moto ni ya wagonjwa na wavivu, na kwamba mimi ndiye niliyemdekeza mwanawe.

Hasira ingekuja kwanza, mnadhani. Haikuja. Kilichokuja ni kitu kingine, nikakaribia kucheka pale mbele za watu. Mume wangu alijiua, akafufuka, na bado maji yake yanapashwa moto.

“Shemeji,” Spika akasema, “familia inakusikiliza.”

Nikainuka. Nikatembea hadi kwenye kiti cha katikati, nikapiga magoti, nikafungua mikono.

“Mama,” nikasema kwa sauti ya kulia.

“Mwanangu!” akajibu kwa sauti ya kulia zaidi, maana hakubali kushindwa. Akanikumbatia. Watu wakapumua, mwanamke mmoja akapiga kwikwi, Spika akasema ndiyo, ndiyo, damu nzito kuliko maji.

Ndani ya kumbatio, mkasi wangu ukapanda.

Kap.

Safari hii sikupuliza. Nilikata na kipande cha sweta pamoja, uzi, fundo na vyote, nikafumba kiganja.

“Umekata nini?” mama mkwe akaninong'oneza sikioni, bado ananipapasa mgongo.

“Kifungo, mama.”

“Kirudishe.”

“Ndugu yake yuko kwa afande. Nampelekea.”

Mgongoni kwangu kiganja chake kikaacha kupapasa, kikakaza.

“Alikuja kwangu kifua wazi,” akanong'ona. “Ningemwachaje? Mwanangu, mbele ya majirani!”

“Ungemrudisha nyumbani.”

“Arudi aseme nini? Kwamba hana kazi? Huyu ninayemtaja kwa kila mtu? Aliyeniambia ataziacha nguo mtoni ni yeye, si mimi. Mimi nilimshonea tu.”

“Ulimshonea vibaya, mama.”

“Macho yamechoka.”

“Tuko pamoja, pole, pole,” Spika akawa anawaambia wageni. “Waacheni watoe yaliyo moyoni.”

Mama mkwe akasogeza midomo mpaka ikagusa sikio langu. Sauti yake ikabadilika. Ile ya mashindano iliondoka, ikabaki sauti ya kikongwe tu.

“Nisikilize. Ukikitoa hicho nje ya mlango huu, wakija kumtoa humo ndani watu wote wanatazama, atakwenda mtoni kweli. Ameniapia. Nami namjua, na wewe unamjua.” Akanivuta karibu zaidi. “Safari hii hatakunja soksi.”

Nikakaa vile vile, magoti sakafuni, shavu langu kwenye sweta ya kijivu iliyonuka dawa ya nondo. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe, niliamini kila neno alilosema mama mkwe wangu.

“Omba radhi,” akanong'ona. “Neno moja tu. Nitawaambia polisi hatuna lalamiko. Wewe utalea watoto wako. Mimi nitakaa na wangu.”

“Na yeye?”

“Yeye ameshakufa, mwanangu. Mwache apumzike.”

Mlangoni mtu akagonga kwa adabu.

“Poleni,” akasema Afande Pole, ameshika jalada kwapani. “Poleni kwa kuwakatiza. Nimepita kuchukua maelezo ya familia kabla sijaenda kwa wakubwa.”

“Afande, umekuja wakati mwafaka!” Spika akafurahi kama ameletewa kipaza sauti. “Shemeji yetu alikuwa ndiyo anaomba radhi. Akishaomba, hatuna lalamiko. Asipoomba, kalamu yangu hii hapa.”

Niliachiwa. Nikasimama. Magoti yalikuwa na vumbi, nikayapangusa. Kifungo nikakibana midomoni ili mikono iwe huru, si kwa ujanja wowote, ni mazoea. Afande Pole aliona. Macho yake yalitua mdomoni mwangu, yakashuka taratibu kwenye sweta ya mama mkwe, kwenye leso iliyokuwa imebanwa kifuani kwa mikono miwili, yakarudi kwangu.

Mkono wake ukaenda mfukoni, kwenye ile bahasha.

“Fundi,” akaniambia kwa upole wake wote, “una neno?”

Nilikuwa nalo. Nilikuwa nayo mawili. Moja lilikuwa na uwezo wa kuniokoa mimi na kumuua mume wangu kweli. La pili lilikuwa na uwezo wa kumwacha hai na kunifanya mimi, mbele ya watoto wangu, mwanamke aliyekiri kumzamisha baba yao. Na hapo ndipo nilipotambua kwamba watu wote watatu, mama mkwe kwenye kiti, mume wangu nyuma ya mlango, na Spika na kalamu yake, walikuwa wanangoja kitu kimoja kutoka kwangu, na wala hakuna hata mmoja aliyefikiria kuniomba radhi mimi.

Nikatazama ujia. Mlango wa mwisho bado ulikuwa umefungwa.

Ndoo haikuwepo.

Ameichukua. Mimi niko sebuleni nimepiga magoti kwa ajili yake, na yeye amefungua mlango, ameingiza maji yake, amefunga.

Nikakitoa kifungo mdomoni, nikakifumba mkononi. Nilimtazama mama mkwe, ambaye alikuwa anatikisa kichwa polepole, ananisihi. Kisha nikasema, kwa sauti ya kutosha kufika hadi kwenye mlango wa nyuma na kuingia ndani ya ile ndoo:

“Siombi radhi. Siombi kwa jumla, wala siombi kwa rejareja.”